Kabla Hujakata Tiketi, Hesabu Miezi ya Paka

Ujumbe unaoniuma kuliko mwengine wowote huja wiki mbili kabla ya safari. Mtu kaolewa, au kapata chuo, au kapata kazi, anahamia Ujerumani au Uholanzi. Viza tayari, tiketi tayari, mabegi yameshafungwa. Halafu ananiandikia: "Na paka wangu je, nampandishaje ndege?" Nikimuuliza kama kachanjwa, ananambia ndiyo, mwaka juzi, hakumbuki kliniki gani. Nikimuuliza chipu, ananiuliza chipu ndiyo nini.

Jibu la kweli ni kwamba paka huyo hawezi kwenda naye, wiki ile wala mwezi ule. Na kinachofuata nakijua, maana nimekiona hapa Unguja: nimekiona Kikwajuni, nimekiona Michenzani, nimekiona mpaka Kiembesamaki. Paka anaachiwa jirani aliyekubali kwa kuona haya tu, au anapelekwa Darajani ajitafutie vichwa vya samaki pamoja na wenziwe wa sokoni. Paka aliyelala kitandani miaka minane hajui kugombania kichwa cha samaki. Sote tulisomeshwa madrasani kisa cha mwanamke aliyemfungia paka, hakumlisha wala hakumwachia ajilishe mwenyewe. Kumtupa sokoni mnyama aliyezoea kulishwa mkononi hakuko mbali na kisa kile.

Kwa hiyo leo nitaandika kwa urefu. Anayehama mwakani ana wakati wa kutosha akianza sasa.

Watu wengi hudhani masharti ya kumvusha mnyama ni ubishi wa Wazungu wa kupenda karatasi. Sivyo. Kiini chake ni kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu ukishaonyesha dalili kwa mtu au mnyama, karibu hakuna anayepona. Kila mwaka unaua watu wanaokadiriwa kufika 59,000 duniani, wengi wao Afrika na Asia, watoto wakiwemo kwa wingi, na karibu wote waling'atwa na mbwa. Paka si mwenyeji mkuu wa virusi hivi, lakini naye huugua na naye huambukiza, ndiyo maana sheria inamhesabu pamoja na mbwa. Uingereza, kwa mfano, iliumaliza ugonjwa huu kwa wanyama wa nchi kavu tangu 1922, na kwa miaka mingi kila mbwa na kila paka aliyeingia kule alifungwa karantini miezi sita, awe mzima asiwe mzima. Mfumo wa chanjo na hati badala ya kifungo ulianza 2000, na nchi kama zetu tukalegezewa 2012. Ukimsikia mtu akilalamika kuhusu miezi mitatu ya kungoja ya leo, mkumbushe kuwa zamani mnyama aliikaa miezi sita ndani ya kizimba, mbali na mwenyewe.

Na kama Wazungu huwaamini, waulize Wapemba.

Kisiwa cha Pemba kiko kiasi cha kilomita 50 kutoka bara. Ungefikiri bahari yote ile inatosha kuzuia mbwa mgonjwa. Kichaa cha mbwa kilikuwepo Pemba kwa miaka, watu wakang'atwa, watu wakafa. Zikafanywa kampeni za kuchanja mbwa kisiwa kizima, shehia kwa shehia, na kufikia 2014 ugonjwa ukakatika. Kisha 2016 ukarudi. Wataalamu walipochunguza vinasaba vya virusi waliona kuwa havikutoka kwenye mabaki ya ule ugonjwa wa mwanzo. Viliingia upya kutoka nje ya kisiwa. Mbwa hakuogelea kilomita 50. Kuna mtu alimpakia kwenye chombo, pengine mbwa mzuri wa kulinda shamba, pengine mbwa wa kuwindia nguruwe, bila kuuliza wala kuulizwa. Ikabidi kuchanja tena, kufuatilia tena kila aliyeng'atwa, mpaka 2018 ukakatwa mara ya pili.

Niliwahi kuhudhuria siku ya chanjo upande wa Wete. Meza moja chini ya mwembe, boksi la barafu, daftari. Mbwa waliletwa na vijana wa kiume, wamefungwa kamba za usumba shingoni, na kila kijana kasimama mbali na mbwa wake kadiri kamba inavyofika. Bwana mifugo hakumkemea hata mmoja kwa kuogopa. "Mpigie mluzi tu yakhe, akusikie uko hapa," alikuwa akiwaambia, na mbwa akitulia sindano inaingia kabla hajajua. Mzee mmoja aliyekuwa akitazama alisema mbwa wake hamgusi lakini hawezi kumnyima chanjo, maana ndiye anayemlindia muhogo. Kwangu mimi huyo anafahamu sababu ya sheria hizi kuliko wasafiri wengi wenye mabegi ya magurudumu.

Sasa tuingie kwenye mpangilio. Nautaja wa Umoja wa Ulaya kwa kirefu kwa sababu ndiko wengi wanakohamia, na kwa sababu anayeutimiza huo ameshatimiza sehemu kubwa ya masharti ya kwengine.

Kitu cha kwanza ni chipu. Ni kidude cha ukubwa wa punje ya mchele, kinaingizwa kwa sindano chini ya ngozi baina ya mabega. Haina betri, haionyeshi mnyama yuko wapi, kazi yake ni kutoa namba ikipitishiwa kisomeo. Namba iwe ya tarakimu 15, na chipu iwe ya viwango vya ISO 11784 na 11785. Kabla ya kuondoka kliniki, mwombe daktari apitishe kisomeo mbele yako, uone namba kwa macho yako, na uilinganishe na ile iliyoandikwa kwenye kadi, tarakimu kwa tarakimu.

Pili ndiyo chanjo ya kichaa cha mbwa, na neno pili hapa lina uzito wake. Chanjo iliyopigwa kabla ya chipu Ulaya haihesabiwi, kwa sababu hakuna kinachothibitisha kuwa mnyama aliyechanjwa ndiye huyu aliyeko mbele ya afisa. Zinaweza kufanywa siku moja, lakini chipu itangulie. Mnyama awe ametimiza wiki 12. Jirani yangu mmoja, mwalimu wa skuli, alimpeleka paka wake kwenye kliniki moja hapa mjini, akachanjwa Jumatatu, akaambiwa chipu zimekwisha, arudi keshokutwa. Alirudi, akatiwa chipu, akapewa kadi nzuri yenye mihuri. Hakuna aliyemwambia kuwa tarehe zile mbili zimepishana vibaya. Aligundua miezi baadaye, baada ya damu kushapelekwa nje na pesa kushalipwa, na ikabidi aanze upya kutoka chanjo. Mume alitangulia, yeye akabaki na paka. Nimemuona mwanamke yule akilia barazani kwake na kadi mkononi, na mpaka leo nikimpeleka mtu kliniki naisoma kadi kabla hatujatoka mlangoni.

Tatu ni damu. Hapa ndipo Tanzania, na Zanzibar ndani yake, inapotofautiana na nchi zilizomo kwenye orodha ya Ulaya. Sisi hatumo. Mnyama wetu lazima apimwe kingamwili, yaani ionekane kwamba chanjo imefanya kazi mwilini mwake, na kiwango kisipungue uniti 0.5 kwa mililita. Damu inatolewa si chini ya siku 30 baada ya chanjo, na inapimwa na maabara iliyoidhinishwa na Umoja wa Ulaya. Maabara hizo ziko nje, kama ile ya Nancy, Ufaransa, ambayo ndiyo inayosimamia uidhinishaji wa nyengine, au ile ya Chuo Kikuu cha Kansas State, Marekani. Hivyo damu hutenganishwa, ikabaki ile sehemu ya majimaji, ikafungwa kwenye baridi na kusafirishwa. Uliza kabla ya kutoa damu nani ataisafirisha, kwa njia gani, na namba ya chipu iandikwe kwenye chupa na kwenye fomu.

Shangazi yangu, alipoamua kumfuata mwanawe Uholanzi, alisema bila Tausi haondoki. Tausi ni paka wa kijivu mwenye kidevu cheupe, si wa ukoo wowote, aliokotwa mvunguni mwa duka mvua za masika. Siku ya damu nilikuwepo. Daktari alimnyoa kipande kidogo shingoni, manyoya yakaruka mezani, ngozi ikaonekana nyeupe kama si yake. "Bi mkubwa, mshike kichwa tu, mwili nitamshika mimi," alisema daktari. Shangazi akamfunika macho kwa kiganja, akawa anamsomea chini chini, na katikati ya kisomo anamwambia, "Pole mwanangu, pole." Tausi alinguruma kwa hasira mara moja, kisha akanyamaza. Damu yenyewe ilikuwa mililita chache. Majibu yalirudi mazuri, na shangazi aliyabandika mlangoni mwa friji pale pale penye kalenda, kwa sababu alishajua kuwa kazi inayobaki ni kungoja.

Maana baada ya damu kuna miezi mitatu, na inahesabiwa tangu siku damu ilipotolewa, wala si siku majibu yalipofika. Watu huuliza: ikiwa kipimo kimeonyesha kinga ipo, wanangoja nini? Wanangoja virusi vijionyeshe. Mnyama aliyeng'atwa kabla ya kuchanjwa anaweza kuwa mzima wa kutazama kwa wiki kadhaa, hata miezi michache, huku virusi vinapanda polepole kwenye mishipa ya fahamu kuelekea ubongo. Ile miezi mitatu ni ya kumpa muda akiwa bado kwetu. Nikikumbuka kilichotokea Pemba 2016 sioni kuwa ni mingi.

Weka tarehe mezani uone. Chipu na chanjo 10 Januari. Damu mapema kabisa ni 9 Februari. Kuingia Ulaya mapema kabisa ni 9 Mei. Hapo hakujaharibika kitu: chipu imesomeka, damu haikuharibika njiani, kiwango kimefika. Kiwango kisipofika, unachanja tena na kupima tena, na saa inaanza upya. Ndiyo maana nawaambia watu waweke miezi sita, na wakate tiketi baada ya majibu kurudi. Habari njema ni kwamba kipimo kile hakirudiwi maisha yote ya mnyama, alimradi chanjo zinazofuata zipigwe kabla ya ile iliyotangulia kuisha muda. Ukipitwa hata siku moja, kipimo kimekufa.

Mwisho ni cheti cha afya cha mfumo wa Ulaya, kinachosainiwa na daktari wa mifugo wa serikali. Kinafaa kwa siku 10 mpaka mnyama akaguliwe anapoingia, na kiandikwe kwa Kiingereza pamoja na lugha ya nchi unayoingilia. Unashukia Amsterdam, basi Kiholanzi kiwemo, hata kama safari yako inaishia Ubelgiji. Mifugo si jambo la Muungano. Zanzibar ina wizara yake inayoshughulikia mifugo, kwa hiyo mlango wa kwanza wa kugonga uko hapahapa visiwani. Nenda mapema, ukamjue kwa sura atakayesaini, umwonyeshe fomu ya nchi unayokwenda, umwulize kuhusu kibali cha kumtoa mnyama nje. Mtu huyo naye ana semina, ana ugonjwa, ana likizo ya Idi. Siku 10 ni chache sana kuanza kumtafuta mtu usiyemjua.

Sheria hii ni ya wanyama wasiozidi watano wanaosafiri na mwenyewe, au ndani ya siku tano kabla au baada yake. Zaidi ya hapo unahesabiwa mfanyabiashara, na hayo ni mambo mengine.

Anayekwenda Uingereza atakuta masharti yanafanana: chipu, chanjo, damu baada ya siku 30, miezi mitatu, cheti chao wenyewe. Vinavyoongezeka ni viwili. Mnyama anayekuja kwa ndege huingia kama mzigo wa kargo, haingii na wewe ndani ya kebini, na mbwa lazima apewe dawa ya minyoo aina ya tegu na daktari, baina ya saa 24 na saa 120 kabla ya kuingia. Ayalandi, Malta na Ufini nazo zinataka dawa hiyo kwa mbwa. Paka hawahusiki nayo.

Marekani iliimarisha sheria ya mbwa tarehe 1 Agosti 2024. Mbwa awe ametimiza miezi sita, ana chipu, na fomu yao ya kuingiza mbwa imejazwa. Tanzania imo kwenye orodha yao ya nchi zenye hatari kubwa ya kichaa cha mbwa, na Zanzibar imetajwa humo humo. Kwa hiyo mbwa aliyechanjwa huku anahitaji cheti cha chanjo kilichoidhinishwa na daktari wa serikali, kipimo cha damu, na nafasi iliyowekwa kwenye kituo cha wanyama kilichosajiliwa, tena ashukie kwenye uwanja wenye kituo hicho na si mwengine. Akija bila kipimo cha damu, karantini ni siku 28 kwa gharama yako. Paka kwa sheria ya taifa lao ana nafuu kubwa, ila majimbo yana ya kwao, ulizia la kwako.

Kwa ndugu zetu wanaokwenda Muscat na Dubai, jambo la kwanza ni kibali cha kuingiza mnyama kutoka serikali ya kule, kitoke kabla mnyama hajapanda ndege. Mtu wenu aliyeko kule ndiye anayefaa kuanza kukishughulikia. Australia nitaitaja kwa sentensi moja: haipokei mbwa wala paka moja kwa moja kutoka nchi isiyokuwemo kwenye orodha yake, nasi hatumo.

Hayo ni ya karatasi. Lakini anayepanda ndege ni kiumbe, na mimi nikimpa mtu ushauri natumia muda mwingi zaidi kwenye kizimba cha safari kuliko kwenye fomu. Mashirika ya ndege yanafuata kanuni za IATA, chama chao cha kimataifa: mnyama aweze kusimama bila kichwa kugusa juu, ageuke, alale kwa kunyoosha miguu. Kinunuliwe miezi kadhaa kabla, kiwekwe ukumbini mlango wazi, ndani kitandikwe kanga kuukuu ambayo haijafuliwa, yenye harufu ya mwenyewe. Chakula kiwekwe karibu na mlango, kesho ndani kidogo, mtondo ndani kabisa. Tausi baada ya muda alikuwa akilala humo mchana kwa hiari yake, na siku ya safari hakuna aliyemsukuma. Linganisha na paka anayekamatwa alfajiri ya safari, anatiwa kwa nguvu kwenye kitu kigeni kinachonuka plastiki, kisha kelele za uwanja wa ndege, kisha giza la tumbo la ndege. Huo ni ukatili, na unaepukika bure.

Usimpe dawa ya usingizi. Kila mtu anayo rafiki anayeshauri hivyo. Dawa hizo hushusha shinikizo la damu na kuvuruga upumuaji, na kule juu hakuna wa kumtazama. Mashirika mengi humkataa mnyama aliyeleweshwa. Paka na mbwa wenye pua bapa, kama paka wa Kiajemi, wana hatari zaidi kwenye joto na baadhi ya mashirika hayawachukui kabisa. Na utazame safari inapounganishia. Kama ni Ghuba mwezi wa saba, fikiria joto la lami pale mizigo inaposubiri, ubadilishe mwezi kama unaweza.

Kuhusu mbwa, najua nasemea wapi. Visiwani kwetu wengi tuna madhehebu ya Shafii, mate ya mbwa tunayajua hukumu yake na kuosha mara saba tunakujua. Lakini najua pia kisa cha mtu aliyeteremka kisimani akamtekea maji mbwa mwenye kiu kwa kiatu chake, akasamehewa. Familia zenye mbwa wa kulinda zipo Fuoni, zipo Tunguu, zipo mashamba ya Pemba, na zinapohama zinaona haya hata kuuliza. Zisione haya. Daktari wa mifugo hamhukumu mtu, na mbwa aliyechanjwa ni usalama wa mtaa mzima, wakiwemo watoto wa wale wanaomchukia.

Na huko kuulizwa kuhusu chanjo kunatuhusu hata ndani ya nchi. Anayetaka kumvusha mbwa kutoka Dar es Salaam hadi bandari ya Malindi, Unguja, au kutoka Tanga hadi Wete, aende kwanza kwenye mamlaka za mifugo za Zanzibar, aje na kadi ya chanjo, mnyama akaguliwe bandarini. Anayemficha chini ya turubai la mashua anaweza kuturudisha 2016.

Limebaki moja kwa walioko Ulaya wanaokuja likizo na paka wao, maana kila msimu wa sikukuu kuna mtu anakwama. Kuja ni rahisi kuliko kurudi. Paka wako ana pasipoti ya Ulaya na chanjo hai, lakini akishafika Zanzibar anahesabiwa anatoka nchi isiyo kwenye orodha. Mpimishe damu kulekule kabla ya kuondoka, siku 30 au zaidi baada ya chanjo, na majibu mazuri yaandikwe na daktari ndani ya pasipoti yake. Ukifanya hivyo, ile miezi mitatu haikuhusu, mtarudi pamoja siku ile ile ya tiketi. Usipofanya, wewe utarudi kazini, na paka atabaki kwa bibi mpaka miezi itimie.